Zamu ya Kipima Unyevu
Wakulima wa Mukurweini mnaotumia kwa shirika kifaa kimoja cha kupima unyevu wa mahindi, haifai zamu zenu kuandikwa katika vikaratasi vinavyopotea. Mahindi yakitiwa ghalani kabla unyevu haujashuka hadi 13.5 kwa mia, huweza kuota kuvu iletayo sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani. Kwa hiyo kukosa zamu si jambo dogo.

Kalenda ya simu yafaa. Google Calendar hailipiwi, na kila mwanachama mwenye simu ya intaneti aweza kuitazama akiwa shambani. Lakini angalieni: ile ya kawaida haikatai watu wawili wakijiandikia saa moja. Basi mpeni katibu peke yake ruhusa ya kuandika, wengine watazame tu. Mwenye simu ndogo ampigie katibu. Programu inayomtaka kila mtu awe na simu kubwa iacheni, hata ikisifiwa namna gani.

Katika kila zamu liandikwe jina la mwenye mahindi, na la atakayekipokea kifaa baada yake. Acheni pia saa moja ya kukipeleka. Vilima vyetu mwavijua.