Namba Zisizojumlishwa: Vigeu katika Fomu za Kanzidata

Fomu ya kuingizia taarifa katika kanzidata huonekana kwa mtumiaji kuwa ni visanduku vichache na kitufe cha kuhifadhi, lakini katika msimbo unaoiendesha taarifa mara nyingi hushikwa kwanza na kigeu, yaani nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta iliyopewa jina ili itunze kilichoandikwa kabla hakijapelekwa kwenye jedwali. Kutangaza kigeu ni kuieleza kompyuta mapema jina la nafasi hiyo na aina ya kitakachowekwa humo: namba, maandishi, tarehe au fedha. Kazi hiyo huchukua mstari mmoja tu, na pengine ndiyo sababu wengi huipita haraka.

Uzito wake huonekana vizuri Gisimenti, eneo la Remera wilayani Gasabo, jijini Kigali, linalojulikana kwa baa na migahawa yake. Nyumba ya wageni ya hapo ikitengenezewa fomu ya usajili kwa programu ya kanzidata ya Microsoft Access, kisanduku kimojawapo kitakuwa cha namba ya kitambulisho cha taifa, ambayo nchini Rwanda ina tarakimu 16: nne zinazoanzia ya pili ni mwaka wa kuzaliwa, na ya sita ni jinsia, 8 kwa mwanamume na 7 kwa mwanamke. Mwandishi wa programu akiitangaza kuwa namba kamili ya aina ya Long, fomu itagoma mara moja, kwa kuwa aina hiyo katika lugha ya VBA inayotumiwa na Access huishia 2,147,483,647. Kugoma huko ni heri, maana kosa limejitokeza. Namba hiyohiyo ikichapwa katika Excel kama namba ya kawaida, programu hutunza tarakimu 15 tu na kuigeuza ya mwisho kuwa sifuri bila kutoa onyo lolote. Namba ya simu inayoanza na 078 nayo hupoteza sifuri yake ya mbele. Kwa kuwa hakuna anayejumlisha vitambulisho wala kuzidisha simu, vigeu vyote viwili vinapaswa kutangazwa kuwa maandishi, yaani String.

Fedha ni jambo jingine, kwa sababu hizo hujumlishwa kweli. Aina ya Integer huishia 32,767, na bili ya faranga 40,000 haiingii humo. Aina ya Currency inafaa zaidi.

Mtego unaowanasa hata wazoefu umo katika mstari wa kutangaza vigeu kama huu: Dim jina, simu As String. Anayeusoma hudhani kwamba vigeu vyote viwili vimekuwa maandishi, kumbe ni simu pekee, huku jina likibaki Variant, aina inayopokea chochote. Mbaya zaidi ni kutotangaza kabisa, jambo ambalo VBA huliruhusu: mwandishi aliyekusudia kiasi akaandika kiais huwa ameumba kigeu kipya kilicho kitupu, na jumla itatoka pungufu pasipo ujumbe wowote wa kosa. Maneno Option Explicit yakiwekwa juu kabisa ya moduli ya msimbo, kompyuta hukataa kila jina lisilotangazwa. Kuyaacha ni uzembe usio na utetezi.

Tarehe, hata hivyo, haziokolewi na tangazo peke yake. Katika amri za SQL, lugha ambayo Access huitumia kushughulikia majedwali, tarehe iliyofungwa kwa alama za # husomwa kwa kutanguliza mwezi, ilhali Wanyarwanda hutanguliza siku. Hivyo 07/04/1994, tarehe yalipoanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, huingia kwenye jedwali kuwa 4 Julai, ambayo nchini humo ni sikukuu ya ukombozi. Kigeu cha tarehe basi kitangazwe kuwa Date, kisha kiandikwe katika amri kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, ambao Access haiwezi kuukosea.