Shahada Unayo, Ualimu Bado: Utangulizi

Kurasa zinazofuata nimemwandikia kijana wa Kilwa Masoko, Kivinje, Mchinga au Lindi mjini aliyemaliza shahada ya biolojia, hisabati, historia au jiografia, akarudi kwao, na sasa anataka kufundisha. Karibu sana. Fani unayoiingia hudharauliwa na wengi kwa kuwa kila mtu amekaa darasani na kudhani ameshauona ualimu wote. Alichokiona ni mwalimu akisema na kuandika ubaoni. Kazi yenyewe, ya kujua mtoto anafikiri nini anapokosea, haionekani ukiwa umekaa kwenye dawati.

Njia ya kuingia haina fumbo. Sheria ya Elimu ya 1978 haimruhusu mtu kufundisha shuleni bila kusajiliwa au kupewa leseni, na mwaka 2018 ikatungwa sheria ya kuunda Bodi ya Kitaalamu ya Walimu. Mwenye shahada isiyo ya ualimu husoma Stashahada ya Uzamili ya Elimu, kwa kawaida mwaka mmoja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaitoa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, kinaitoa pia, nacho kinamfaa zaidi mtu wa huku asiyeweza kuhamia mjini, maana anasoma akiwa kwake. Ukihitimu, matangazo ya ajira za serikali hukuweka kundi moja na aliyesoma shahada ya ualimu tangu mwanzo: Mwalimu Daraja la III C. Ila kabla hujalipa ada, hakikisha shahada yako ina somo linalofundishwa sekondari. Asiye na somo la kufundishia atahangaika hata akiwa na stashahada mkononi.

Utasoma falsafa ya elimu, saikolojia, mitaala, upimaji na mbinu za kufundishia somo lako, kisha utapelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Utaandika azimio la kazi na maandalio ya somo mpaka uchoke. Vumilia.

Mwaka 1986 msomi wa Marekani, Lee Shulman, alieleza kwamba mwalimu ana aina yake ya ujuzi: si ujuzi wa somo peke yake, wala mbinu za jumla peke yake, bali ujuzi wa namna somo fulani linavyoeleweka, na linavyokosewa, na anayejifunza. Chukua mtoto anayejumlisha nusu na theluthi akaandika mbili ya tano. Mwenye shahada ya hisabati anaweka alama ya kosa na kupita. Mwalimu anaona kanuni ambayo mtoto amejitungia: cha juu kwa cha juu, cha chini kwa cha chini. Asipoigusa kanuni hiyo, jibu sahihi litakaririwa leo na kosa litarudi kesho. Kwa maoni yangu huu ndio moyo wa fani nzima, na ndio sababu somo la upimaji lisichukuliwe kama utaratibu wa kugawa alama.

Pwani yetu ina mfano mwingine ninaoupenda. Mtoto wa Kivinje anajua bamvua na maji mafu kabla hajajua kusoma. Anajua siku ambazo watu watashuka mwambani kutafuta pweza, na siku ambazo maji hayatoki vya kutosha. Mtoto huyu akifika kidato cha kwanza, masomo mengi aliyoyapata kwa Kiswahili yanageuka kuwa ya Kiingereza. Mwalimu akianza na mvutano wa mwezi na jua kwa lugha hiyo, mtoto atanakili na kukariri, asitambue kwamba anaelezwa habari ya bahari ya kwao. Aliyefundwa ataanza kwa kuuliza: mwezi ukiandama, maji hufika wapi? Ukiwa mpevu je? Ukiwa nusu? Majibu yatatoka kwa wanafunzi wenyewe. Hapo ndipo achore dunia, mwezi na jua katika mstari mmoja, na istilahi za Kiingereza zije mwisho, juu ya jambo lililokwisha kueleweka.

Vivyo hivyo kwa historia. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981. Birika la pembe nane la Husuni Kubwa, gofu la Kilwa Kisiwani, linatosha kwa kipindi cha historia na kingine cha jiometria. Inaniuma kuona mwanafunzi anayeishi ng'ambo tu ya kisiwa hicho akisomewa habari zake kwa imla.

Nchi hii imewahi kujaribu kuupita ufundi huu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004 ulizaa shule za kata kwa kasi, walimu wakapungua, na wahitimu wa kidato cha sita wakapelekwa madarasani baada ya mafunzo ya muda mfupi mno. Mitaani waliitwa "voda fasta". Jina hilo liliwaonea vijana waliokuwa wakitoa walichokuwa nacho. Gharama ya mafunzo waliyonyimwa ililipwa na wanafunzi. Elimu bila ada ilipoanza 2016 madarasa yalijaa zaidi, na hadi leo hisabati na sayansi ndiyo masomo yenye uhaba mkubwa wa walimu. Unahitajika, na unahitajika ukiwa umefundwa.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja kabla ya kutuma maombi chuoni. Nenda shule ya sekondari iliyo karibu nawe, mwombe mkuu wa shule akuruhusu kukaa nyuma ya darasa la kidato cha kwanza kwa wiki moja. Usimtazame mwalimu, watazame watoto, na uandike kila swali walilouliza na kila kosa walilolifanya. Daftari hilo uje nalo chuoni.