Kamba Hukatika Pabovu: Kuezeka Upya Nyumba ya Zamani

Mwezi wa Aprili mwaka 2024, mzee mmoja wa skimu zetu za Borabu alifika ofisini asubuhi na mapema, koti lake limelowa mpaka mifukoni. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na wakulima wengi huja kuandikiwa barua. Nilichukua kalamu nikamwuliza, "Barua ya nani, Mzee?"

"Ya mwenye duka aliyeniuzia mabati, mwanangu. Andika kwamba mabati yake ni mabovu, nami nataka fedha zangu."

Kisa chake kilikuwa hivi. Nyumba yake ni ya miti na udongo, na aliijenga mwaka 1966, muda mfupi baada ya kupewa shamba. Mabati ya kwanza yalidumu zaidi ya miaka 50, mpaka kutu ikayatoboa. Mwaka 2022 aliuza mtamba mmoja, akanunua mabati mapya, fundi akayapigilia. Sasa dhoruba ya jana alasiri ilikuwa imeng'oa upande mzima wa paa. Magunia mawili ya mahindi yalilowa, vitabu vya wajukuu viliharibika, na watoto walilala jikoni.

Niliweka kalamu chini. "Twende kwanza tukaone, Mzee. Barua itangoja."

Tuliyakuta mabati katika majani chai ya jirani. Tulipoyageuza niliona jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike habari hii. Mabati sita yalikuwa bado yameshikana, na mbao zake zingali chini yake. Hakuna msumari hata mmoja wa bati uliokuwa umeng'oka. Tulirudi nyumbani tukapanda ngazi. Kule juu, mbao kubwa za mwaka 1966 zilikuwa zingali mahali pake, zikiwa na matundu ya misumari tu. Nilichomeka kisu katika moja yao, kikazama mpaka mpini. Ndani mlikuwa unga wa mchwa.

Mzee alitazama kwa muda mrefu. "Basi si mabati," akasema.

"Si mabati, Mzee."

Barua ile haikuandikwa.

UPEPO HUVUTA JUU

Skimu za makazi zilianza mwaka 1962, serikali iliponunua mashamba ya masetla ili kuwagawia wananchi ekari karibu milioni moja. Kwa hivyo nyumba nyingi za wakulima wa kwanza zimetimiza miaka 60 hivi, na wengi wanaziezeka upya. Katika nyanda zetu za juu, hewa yenye unyevu hupanda kutoka Ziwa Victoria, na wakati wa alasiri hugeuka kuwa mawingu makubwa yenye ngurumo, mvua ya mawe na upepo wa ghafula. Kuezeka huku si sawa na kuezeka mahali patulivu.

Wakulima wengi hudhani ya kuwa upepo hulisukuma paa kama mtu asukumavyo mlango. Sivyo. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa jaribio ambalo mtoto yeyote aweza kulifanya. Chukua karatasi ya daftari, ishike ukingo wake chini kidogo ya mdomo wako, uiache ining'inie. Sasa pulizia kwa nguvu juu yake. Karatasi haitashuka, bali itainuka. Ndivyo upepo unavyofanya juu ya nyumba. Hewa ikipita kwa kasi juu ya paa, nguvu yake ya kugandamiza hupungua, na ile iliyo ndani ya nyumba hulisukuma paa kwenda juu. Kama mlango au dirisha la upande wa upepo liko wazi, msukumo huo wa ndani huzidi.

Bati la kawaida la urefu wa mita 3 halifiki kilo 10. Lakini upepo wa kilomita 100 kwa saa waweza kulivuta juu kwa nguvu inayopita uzito wa gunia la mahindi la kilo 90. Tena, upepo ukiwa na kasi mara mbili, nguvu yake huwa mara nne. Hivyo uzito wa bati hausaidii kitu. Hata mawe na magurudumu ya gari ambayo watu huyaweka juu ya mabati hayasaidii. Dhoruba ikija huanguka, na yaweza kumwua mtu.

Kinacholizuia paa ni ardhi peke yake. Bati hushikwa na papi, yaani zile mbao nyembamba zinazolala, ambazo mabati hupigiliwa juu yake. Papi hushikwa na mapao, yaani mbao kubwa zinazoshuka kutoka mgongo wa paa mpaka ukutani. Mapao hushikwa na boriti iliyo juu ya ukuta, boriti hushikwa na nguzo, na nguzo hushikwa na udongo. Wazee walisema kamba hukatika pabovu. Mzee wetu alikuwa amenunua kipande kimoja kipya cha kamba akakifunga kwenye kipande kilichooza.

KAGUA KABLA YA KUNUNUA

Usiende dukani kwanza. Siku ya kwanza ni ya kisu na ngazi. Chomeka kisu katika kila pao, kila papi, na katika boriti ya ukutani, hasa pale mbao zinapokutana na pale mvua ilipokuwa ikivuja. Kisu kikizama kwa urahisi, mbao hiyo haifai kurudishwa. Halafu shuka ukague nguzo. Fukua udongo kidogo kwenye mguu wa kila nguzo, kwa maana mchwa huanza pale. Nguzo yaweza kuonekana nzima kifuani, kumbe mguu wake umekwisha. Nguzo ya namna hiyo na ibadilishwe, na mpya ichimbiwe sentimita 60 au zaidi.

Mbao za mwerezi za zamani huweza kuwa bado nzima, kwa kuwa mchwa hauzipendi. Usizitupe kwa sababu ya uzee tu. Ukinunua saiprasi au mkaratusi, chagua mbao zilizokauka vizuri na kutiwa dawa. Mbao mbichi hujikunja, na msumari hulegea ndani yake.

Onyo moja kwa wale wanaoishi katika nyumba zilizoachwa na masetla. Huenda paa lake si la bati bali ni la asibestosi, yaani vigae vikubwa vya kijivu vinavyofanana na saruji. Vumbi lake hudhuru mapafu na huleta saratani. Usivipasue wala kuvikata kwa msumeno. Kwa kanuni za Kenya za mwaka 2006, asibestosi ni taka ya hatari, na kuiondoa ni kazi ya watu wenye leseni.

JINSI YA KUFUNGA

Hapa ndipo fedha yako ifanye kazi kubwa. Msumari uliopigiliwa wima kutoka juu hung'oka kwa urahisi upepo unapovuta juu, kwa sababu unavutwa kule kule ulikoingilia. Kwa hivyo kila kiungo kinahitaji kufungwa, si kupigiliwa tu.

Papi na pao: piga misumari miwili kwa mshazari, mmoja kila upande, kisha funga kwa ukanda wa chuma ambao mafundi huuita hupayani, au kwa waya mnene wa sengenge uliozungushwa mara mbili na kukazwa kwa koleo. Ukanda upite juu ya papi na ushuke pande zote mbili za pao.

Pao na boriti ya ukutani: fanya vivyo hivyo, kwa kila pao bila kuruka hata moja. Kiungo hiki ndicho kinachobeba mvuto wa paa zima.

Boriti na ukuta: katika nyumba ya miti, funga boriti kwenye kila nguzo. Katika nyumba ya matofali au mawe, ukanda ushuke ndani ya ukuta safu tatu au nne za matofali. Ukifungwa kwenye safu ya juu peke yake, upepo utaondoka na paa pamoja na safu hiyo.

Kazi hii ya kufunga huchukua siku moja au mbili zaidi, na fundi mwenye haraka ataiona ni usumbufu. Mwenye nyumba na asimame pale, ahesabu viungo mwenyewe.

MABATI NA MISUMARI

Bati hupimwa kwa geji, na namba ikizidi, bati huwa jembamba zaidi. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 32 ni jembamba sana. Mahali penye mvua ya mawe na upepo, geji 28 ndiyo bora, kama fedha zinaruhusu. Lakini geji 30 iliyofungwa vizuri itadumu kuliko geji 28 iliyopigiliwa juu ya mbao mbovu. Kwa geji 30, papi zisiachane zaidi ya sentimita 75 hivi.

Tumia misumari ya mabati yenye kichwa cha mwavuli na mpira chini yake. Ipige juu ya tuta la bati, si ndani ya mfereji ambamo maji hupita. Kwenye kingo zote, yaani chini karibu na ukuta, juu kwenye mgongo wa paa, na kwenye ncha mbili za nyumba, piga msumari katika kila tuta, kwa kuwa upepo huanza kufungua paa kutoka ukingoni. Sehemu za katikati, tuta moja moja laweza kurukwa.

Anza kuezeka kutoka upande ule usiotoka upepo, ukielekea unakotoka, ili mdomo wa kila bati linalolalia jingine uupe upepo mgongo. Kama hujui upepo wa dhoruba hutoka wapi, tazama miti mizee ilivyoinama, na ukuta upi hupigwa na mvua. Mabati ya zamani yenye matundu usiyarudishe juu ya nyumba. Yapeleke kwenye banda la kuku.

Umbo la paa nalo lina maana. Paa lililolala sana huvutwa zaidi kuliko lenye mwinamo wa nyuzi 30 hivi, na paa la pande nne hustahimili kuliko la pande mbili. Paa lisitokeze nje ya ukuta zaidi ya sentimita 45 au 60. Kama wataka baraza pana, lijengee paa lake peke yake, lisiungane na lile kubwa. Upepo ukichukua la baraza, utakuachia la nyumba.

WAKATI WA KAZI

Ezeka mwezi wa Januari au Februari, mvua zikiwa chache, kabla ya mvua ndefu za Machi hadi Mei. Usifunue nyumba nzima kwa siku moja. Funua upande mmoja, maliza, ndipo uhamie wa pili. Jioni usiache mabati yaliyolegea juu ya paa, maana bati linaloruka hukata kama panga. Anayetembea juu akanyage kwenye mstari wa misumari, pale penye papi chini yake. Mawingu yakikusanyika, wote washuke.

Fedha zikiwa hazitoshi, usigawanye umaskini juu ya nyumba nzima kwa kununua bati jembamba na kuacha mbao mbovu. Ni afadhali utengeneze vizuri sehemu mnamolala watoto na kuwekwa mahindi, na sehemu nyingine ingoje mwaka ujao.

Paa jipya ni kisima pia. Milimita 1 ya mvua juu ya meta mraba 1 ni lita 1 ya maji. Paa linalofunika mita 9 kwa 7 ni meta mraba 63, basi mvua ya milimita 10 ni lita 630. Hata ukipoteza kiasi, zitabaki karibu lita 500 za kuingia tangini, na mama watoto hatashuka mtoni siku hiyo.

Mwisho, tazama miti. Mkaratusi mkubwa ulio karibu na nyumba ni adui. Miti ya kukinga upepo ni mizuri, lakini mti utakaofika mita 15 usipandwe chini ya mita 15 kutoka nyumbani.

MZEE ALIVYOFANYA

Mzee wetu alikaa miezi kadhaa chini ya turubai na mabati ya zamani. Hakuuza mtamba wa pili, kwani mabati mengi yaliyookotwa yalikuwa bado mazima. Kwa fedha za maziwa alinunua mapao mapya, nguzo tatu, na ukanda wa chuma. Januari 2025 fundi alifanya kazi, naye mzee alikaa kwenye kiti chini ya ngazi akihesabu viungo kwa sauti. Bati lililopinda alilipeleka kwenye banda la ndama.

Mvua ndefu zilipokuja, dhoruba ilipita usiku mmoja ikavunja matawi barabarani. Asubuhi mzee aliingia ofisini, koti lake kavu. Nilidhani kuna habari mbaya, nikashika kalamu.

"Barua tena, Mzee?"

"Hapana, mwanangu. Nimekuja kukuambia tu kwamba tulilala."