Harufu inayofagiliwa Muheza

Msimu wa machungwa ukifika, msafiri anayeshuka Muheza, mkoani Tanga, huipokea harufu kabla hajawaona wauzaji. Kisu kinazunguka, ganda linatoka utepe mmoja mrefu, na vifuko vidogo vya mafuta vilivyo ndani yake vinapasuka. Mnunuzi huondoka na chungwa. Ganda hubaki chini likingoja fagio.

Ganda kama hilo limeinua biashara kubwa Ulaya. Mwaka 1709 ukoo wa Farina, wenye asili ya Italia, ulifungua duka katika mji wa Köln, Ujerumani. Johann Maria Farina alichanganya mafuta ya machungwa, malimau na bergamoti katika spiriti, akayaita marashi yake kwa jina la mji uliompokea. Ulaya iliyozoea miski na harufu nyingine nzito ikayapenda. Duka hilo lingalipo hadi leo.

Sifa ya marashi haya ni wepesi. Mafuta ya ganda huruka haraka. Baada ya saa moja au mbili harufu imekwisha. Wengi huona hiyo ni kasoro, lakini kwa joto la Tanga ni neema. Marashi mazito saa saba mchana ndani ya daladala humkaba jirani. Haya huburudisha, kisha huondoka. Ndiyo maana hayatiwi kwa tone: hupakwa kwa wingi shingoni na mikononi baada ya kuoga asubuhi, au hutiwa kwenye leso ya safari.

Wala hayaji kunyang'anya nafasi ya mtu. Udi una usiku wake, asumini na kikuba vina harusi zao, na mrashi wa halwaridi una maulidi yake. Waturuki humkaribisha mgeni kwa kummiminia mikononi marashi ya limau. Mtu wa pwani aliyewahi kurashiwa halwaridi anauelewa vizuri ukarimu huo. Tena wasiopenda spiriti hawakosi njia, kwani mafuta ya ganda huchanganyika na mafuta mengine.

Tahadhari ni moja. Mafuta ya ndimu, limau na bergamoti yaliyokamuliwa yanaweza kuunguza ngozi ikipigwa na jua. Anayekwenda shambani au baharini ayatie kwenye nguo.

Utajiri wetu hauishii kwenye ganda. Mdanzi, ambao pwani tunaujua kwa uchungu wa tunda lake, hutoa maua ambayo watengeneza marashi huyakeneka kupata mafuta ya neroli, nguzo ya marashi ya Köln. Hata majani yake hukenekwa.

Lakini tusidanganyane: tani nzima ya machungwa hutoa kilo chache tu za mafuta. Mkulima mmoja mwenye ndoo ya maganda hatafika mbali. Brazil imefanikiwa kwa sababu mafuta hukamuliwa kiwandani palepale panapokamuliwa juisi. Muheza, kila mavuno yanapofurika, bei huanguka na matunda huoza.

Basi anayepanga kiwanda cha juisi Tanga aweke na mtambo wa kukamua mafuta ya ganda tangu siku ya kwanza. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ivifundishe vikundi vya wakulima kazi hii. Mkulima wa Muheza anastahili kulipwa kwa chungwa lote, pamoja na ganda lake.