Dakika ya kwanza, na damu ya miezi inayofuata

Mtoto anatoka amechoka, kama wasemavyo wakunga: halii, mikono imelegea, midomo imepiga weusi. Mkunga aliyefunzwa vizuri hamning'inizi miguu juu wala hampigi makofi. Anamkausha kwa khanga kavu na kumsugua mgongo. Asipopumua, anamfunika pua na mdomo kwa barakoa ndogo na kuanza kuminya mfuko wa hewa, macho yakiwa kifuani kwa mtoto kuona kama kinapanda. Yote hayo yanatakiwa yawe yameanza ndani ya dakika 1.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kufundisha hatua hizo kwa wingi, kuanzia mwaka 2009. Wakunga walijifunzia mwanasesere anayejazwa maji ya vuguvugu ili awe na uzito na ulegevu wa kichanga. Matokeo ya hospitali 8 yalichapishwa mwaka 2013: vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Mafanikio hayo yaliletwa na mikono iliyozoea kazi, si mashine za gharama.

Lakini familia huambiwa "amepona", na habari huishia hapo. Ubongo uliokosa oksijeni huendelea kuumia kwa saa na siku kadhaa baada ya mtoto kupata pumzi. Anaweza kupata degedege au akashindwa kunyonya. Miezi inapita, shingo haikazi, mkono mmoja unabaki umekunja ngumi, na hapo ndipo jina la mtindio wa ubongo linapotajwa. Wengi waliozaliwa wamechoka hukua salama kabisa. Wanaoumia ni wachache, na hao ndio tunaowaacha na mama zao, huku majirani wakinong'ona habari za laana na kurogwa. Ni dhuluma. Mama huyo hakukosea lolote.

Nchi tajiri huwapoza watoto hao mwili kwa siku 3 ili kuokoa ubongo. Njia hiyo ilipojaribiwa katika hospitali za India, Sri Lanka na Bangladesh, matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kuwa vifo viliongezeka badala ya kupungua. Kwetu basi, kinga yenye uhakika iko kabla ya kuzaliwa na katika dakika ile ya kwanza.

Kuna njaa nyingine ya oksijeni isiyo na kishindo. Hemoglobini ndiyo inayobeba oksijeni, na haitengenezwi bila madini ya chuma. Ubongo wenyewe unayahitaji pia ili ujijenge. Mtoto huyapokea kwa mama, hasa miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, na akiba hiyo humtosha takriban miezi 6. Njiti huzaliwa na akiba pungufu. Nchini Costa Rica, watoto waliokosa chuma kwa muda mrefu wakiwa wachanga walifuatiliwa hadi kubalehe, na bado walikuwa nyuma ya wenzao darasani ingawa walikuwa wametibiwa. Tanzania Bara na Zanzibar, zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wana upungufu wa damu.

Je, tuwape chuma wote? Jibu tulilipata Pemba, kwa uchungu. Mwaka 2001 watafiti walichapisha habari njema: watoto wa kisiwani waliopewa chuma waliendelea vizuri zaidi katika lugha, na wenye upungufu mkubwa wa damu walinufaika katika kutembea na kutumia viungo. Kisha ukafanyika utafiti mkubwa zaidi, wa maelfu ya watoto. Mwaka 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa waliokuwa wakikipata walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopata. Malaria ilikuwa imejaa kisiwani. Ila katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, malaria ikipimwa na kutibiwa mapema, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Watoto wa Pemba waliufundisha ulimwengu kwamba chuma na kinga ya malaria haviachani, na sioni kama tumewashukuru ipasavyo.

Kwa hiyo, mama mjamzito, dai kupimwa wekundu wa damu kila inapopaswa. Ukiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, una upungufu. Meza vidonge vya kuongeza damu, na usivishushie chai, kwani chai huzuia chuma kufyonzwa. Lala ndani ya chandarua, kunywa dawa ya malaria na ya minyoo unayopewa kliniki. Ukijifungua salama, mwombe mkunga asubiri angalau dakika 1 kabla ya kubana kitovu, ili damu ya kondo imfikie mtoto. Anayehitaji kupumuliwa hasubirishwi. Akifikisha miezi 6, uji wake uwe na dagaa waliosagwa, na maini yakipatikana.

Na kama mwanao alichelewa kulia, mwambie muuguzi kila uendapo kliniki, hata kama kadi haikuandikwa. Akifika miezi 4 bila shingo kukaza, usikubali kuambiwa "subiri atakua". Omba rufaa ya mazoezi ya viungo siku hiyo hiyo.