Mlo wa Mbuta katika Ghuba ya Winam

Mbuta, ambaye wavuvi wa upande wa Tanzania humwita sangara, ni mwindaji asiyetafuna: humkaribia samaki mdogo, kisha hulifumbua domo lake ghafla hata maji yakavutwa ndani pamoja na windo, na maji hayo yanapotokea nyuma kupitia matamvua, yaani viungo vya kupumulia, windo hunaswa na meno madogo mengi yaliyosongamana kama ya brashi, kisha likamezwa zima. Kwa hiyo upana wa domo ndio unaoamua ukubwa wa mlo.

Umri nao huamua. Mbuta mchanga hula vijidudu vinavyoelea majini. Akikua kidogo hugeukia mabuu ya wadudu na uduvi wa ziwani. Akipevuka hula samaki, wakiwemo watoto wa jamii yake mwenyewe.

Samaki huyu si mwenyeji wa Ziwa Victoria, kwani aliingizwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawakuta fulu, samaki wadogo wa aina zaidi ya 500, ambao kila kundi lilikuwa na namna yake ya kula: wengine walivunja konokono, wengine walikwangua mwani maweni, wengine walinyofoa magamba ya wenzao, na wapo waliowapora mama mayai na watoto waliohifadhiwa vinywani mwao. Kutoweka kwa aina nyingi za fulu, hasa katika miaka ya 1980 mbuta walipofurika na kuwala, ni hasara ambayo haifai kupitiwa kijuujuu.

Wataalamu Ogari na Dadzie, ambao utafiti wao kuhusu Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa hilo iliyo upande wa Kenya, ulichapishwa mwaka 1988, walionyesha kwamba baada ya fulu kuadimika mbuta waliishi kwa uduvi, omena (yaani dagaa) na mbuta wachanga; na pale ziwani ambapo baadhi ya fulu waliongezeka tena baadaye, mbuta waliwarudia. Kumwita mlafi tu, basi, si kumweleza sawasawa, kwa kuwa hufuata kile ambacho ziwa limemwekea.

Hata hivyo hawezi kufuata kila mahali. Katika vinamasi vya mafunjo, kama kile cha Dunga karibu na Kisumu, majani yanayooza hupunguza oksijeni majini kiasi ambacho mbuta hakistahimili, ilhali baadhi ya fulu hukistahimili, wakajificha humo. Na mafunjo yanapofyekwa, maficho hayo huondoka pamoja nayo.