Kujiandaa Kuzaa kwa Njia ya Kawaida, Sehemu ya 3: Mwenzako wa Leba

Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ichukue nafasi ya bima ya NHIF Oktoba 1, 2024, mjadala wa uzazi nchini Kenya umegeuka kuwa mjadala wa shilingi: hospitali hulipwa 10,000 ikimzalisha mama kwa njia ya kawaida, 30,000 ikimpasua. Wengi wanashuku kwamba pengo hilo ndilo linalonoa visu vya upasuaji, na shaka yao si ya bure. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa takriban asilimia 9 ya watoto walizaliwa kwa upasuaji. Kufikia mwaka 2022 walikuwa asilimia 17. Lakini anayeeleza ongezeko hilo kwa pesa peke yake ameona nusu ya jambo. Mama wa Kayole au Dandora, Nairobi, huingia leba akiwa peke yake, hajafundishwa, amejaa hofu, kisha analazwa chali na kuambiwa asukume. Mama wa namna hiyo amekaribishwa upasuaji kabla hata daktari hajamwona. Sehemu mbili zilizopita zilihusu hatua za uchungu na lishe ya mjamzito. Leo hoja yangu ni moja: maandalizi makubwa kuliko yote ni kuwa na mtu wa kukaa nawe.

Ili tuelewe mtu huyo alipotelea wapi, inafaa tuanze na hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka 1926 kwa juhudi za Lady Grigg, mke wa Gavana Edward Grigg, na kwa miaka mingi iliitwa kwa jina lake, hadi ilipokabidhiwa baraza la mji mwaka 1944. Mtaa iliomo ulikuwa bado mchanga, kwani serikali ya kikoloni ilikuwa imeutenga kwa ajili ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Miongoni mwa wakazi wa Majengo, sehemu ya mtaa huo, walikuwamo wanawake waliojijengea nyumba zao wenyewe, na wengi walisilimu na kufuata mwenendo wa Waswahili wa pwani. Katika mwenendo huo, msichana hakuachwa ajifunze mambo ya mwili wake kwa kubahatisha. Alikuwa na somo wake wa kumfunda. Siku ya uchungu ilipofika, mkunga alikuja na wanawake wa nyumba walikuwapo. Mzazi alitembezwa, akakandwa kiuno, akashikwa mgongoni alipochuchumaa. Desturi za bara, kwa jamii nyingi, zilifanana na hizo katika jambo hili. Hospitali ilileta mikono safi, dawa na wataalamu, na kwa hayo inastahili shukrani. Ila ilileta pia kitanda, tena ikamfungia mlango yule mwanamke aliyekuwa akimshika mzazi mgongo.

Kitanda hicho kina historia yake. Ulaya yenyewe ilizalia kwenye viti maalumu vya uzazi kwa karne nyingi. Mfaransa François Mauriceau, katika kitabu chake cha mwaka 1668, ndiye aliyehimiza mama alazwe kitandani, na mtindo huo ukaenea madaktari wanaume walipozidi kuchukua kazi ya wakunga. Kulala chali kunampa mzalishaji nafasi nzuri ya kuona na kushika. Mama hafaidiki kitu, kwa sababu mtoto hukosa msaada wa uzito wake mwenyewe na nyonga haipanuki inavyoweza. Kuhusu hofu, mwaka 1933 daktari Mwingereza Grantly Dick-Read aliandika kwamba hofu hukaza misuli, na misuli iliyokazana huzidisha maumivu. Hapo alisema kweli, japo alikosea vibaya alipodhani wanawake wa Kiafrika huzaa bila kuumwa. Daktari Mfaransa Fernand Lamaze alijifunza Urusi mwaka 1951 mbinu za kupumua na kutulia, akazipeleka Paris. Kwa hiyo Wazungu walitumia kizazi kizima wakiwarudishia wanawake wao mafunzo na mwenzi wa leba, wakati ambapo Nairobi iliendelea kuwazuia shangazi na mama wakwe langoni.

Ushahidi wa sasa hauachi shaka. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2017, uliokusanya majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000, ulionyesha kuwa mama aliyekaa na mtu wa kumtuliza muda wote wa uchungu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaa kwa njia ya kawaida, na mdogo zaidi wa kupasuliwa. Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2013, ulionyesha kuwa kutembea na kukaa wima hufupisha hatua ya kwanza ya uchungu kwa zaidi ya saa moja. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza yote mawili: mama awe na mwenzi anayemchagua mwenyewe, na aachwe atumie mkao anaoutaka.

Kuna watakaosema kwamba ninawarudisha wanawake kuzalia nyumbani. Hapana. Sensa ya mwaka 2019 ilitupa vifo 355 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na damu inayomwagika baada ya kuzaa haizuiliwi kwa mkando wala leso. Mahali pa kuzalia ni hospitali, na upasuaji unaohitajika huokoa maisha. Asiukatae mtu kwa sababu ya fahari ya kuzaa kwa kawaida. Wengine husema wodi zimejaa na mgeni wa huyu atamwona yule akiwa uchi. Hoja hii ni nzito zaidi, lakini dawa yake ni pazia, na pazia si mashine ya kuagizwa ng'ambo. Nayo kauli kwamba wasindikizaji huwasumbua manesi inasahau kwamba nesi mwenye akina mama wengi hawezi kumpa kila mmoja maji, kumkanda na kumhimiza asimame. Zaidi ya hayo, utafiti uliofanywa katika vituo 13 vya Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba mwanamke 1 kati ya 5 alidhalilishwa kwa njia fulani alipokuwa akijifungua. Ni vigumu zaidi kumtukana mtu aliye na shahidi kando yake.

Wewe unayesubiri siku yako, fungua kitabu chako cha kliniki kwenye ukurasa wa mpango wa kujifungua. Andika jina la hospitali, la dereva atakayekubali kukuchukua saa nane usiku, na la mtu atakayekaa nawe. Mfuatane na mtu huyo kliniki angalau mara moja, ajifunze kukukanda kiuno na kupumua nawe polepole, na azijue dalili za hatari: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, mtoto kuacha kucheza. Ukifika leba, uliza mapema kama anaruhusiwa kuingia, na kama unaweza kutembea. Pumwani na Mama Lucy Kibaki ni hospitali za kaunti, basi ombi langu ni kwa Serikali ya Kaunti ya Nairobi: wekeni mapazia kati ya vitanda vya leba, na mtoe agizo la maandishi kwamba kila mama ana haki ya kuingia na mtu mmoja anayemtaka.